Kamera za PTZ zinajizima kila giza likiingia, swichi ya PoE mpya kabisa. Msaada wakuu

Fundi_Mbagala (#1)
Wakuu habari za jioni. Nina kesi imenitoa jasho wiki ya pili sasa, naomba wajuzi mnisaidie kabla mteja hajadai hela yake.

Nimefunga kamera kwenye yadi moja ya malori hapa Dar, jumla saba. Tano ni zile bulleti za kawaida (zisizozunguka), mbili ni PTZ kubwa za kuzunguka zenye zumu na taa za usiku, moja iko getini (kama mita 35 kutoka kwenye raki) nyingine iko nyuma ya yadi kwenye nguzo ya chuma, mita 85 nilipima kwa namba za kwenye waya wenyewe. Zote zinakula umeme kwenye swichi moja ya PoE+ (umeme na data kwenye waya mmoja) ya porti nane, kwenye boksi wameandika jumla wati 120, porti moja wati 30.

Mchana zote ziko saafi, picha kali, unazungusha, unazumu, mteja anafurahi. Ikifika saa moja jioni PTZ ya nyuma inazima. Inakaa kama dakika mbili inawaka, inajizungusha kujipima, taa za usiku zinawaka, inazima tena. Hivyo hivyo mpaka alfajiri. Ya getini inafanya mara moja moja, hasa ukiizungusha usiku. Mlinzi ananiambia fundi, kamera yako inakonyeza.

Nimeshabadilisha koneta mara mbili, nimeshusha famwea (programu ya ndani ya kamera) mpya, na kamera ya nyuma nimeirudisha dukani nikapewa nyingine. Nyingine nayo hivyo hivyo. Nawasilisha.

Kijiwe_Tech (#2)
Nimeweka kambi hapa, na mimi ninayo inayofanya hivyo kwa shemeji. Ngoja waje wajuzi.

Mama_Faiba (#3)
Pole kaka. Kosa si la kamera, ungebadilisha hata kumi ingekuwa vilevile. Fungua datashiti, ile karatasi ya vipimo, ya hizo PTZ utuandikie zinakula wati ngapi, na usituletee wati za mchana, lete ile namba kubwa kabisa. Na bulleti pia.

Fundi_Mbagala (#4)
@Mama_Faiba asante dada. PTZ wameandika kubwa kabisa wati 42, humo kuna taa za usiku na hita. Taa zikiwa zimezimwa wati 18. Bulleti wati 8 kila moja.

Baharia_wa_Bajeti (#5)
Mbona hesabu ya darasa la nne hiyo mkuu. 42 mara mbili ni 84, bulleti tano mara 8 ni 40, jumla 124. Swichi yako ina 120. Imezidiwa, inachinja porti moja ili zingine ziishi, na swichi nyingi zikizidiwa zinaanza kuchinja porti ya namba ya juu. PTZ ya nyuma umeichomeka porti ya ngapi?

Fundi_Mbagala (#6)
Porti ya 7. Sasa hivi niko saiti, ngoja nichomoe bulleti zote nibaki na PTZ mbili tu nione.

Fundi_Mbagala (#7)
Nimechomoa zote tano. Saa 1:10 usiku huu, nyuma imezima. Nikaihamisha porti ya 1, imewaka, ikajipima, taa zikawaka, imezima. Daah.

Mama_Faiba (#8)
Basi tumeshajua si jumla ya swichi. Baharia hesabu yako ni sahihi na ungemsaidia mwingine, lakini watu wengi wanaishia hapo kwenye jumla, wanasahau kwamba kila porti nayo ina mlango wake na mlango una upana wake.

Iko hivi. PoE ya kwanza, ile ya 802.3af ya mwaka 2003, porti inatoa wati 15.4 na wamekuhakikishia kamera itapata 12.95 tu, nyingine zinaliwa njiani na waya. Ikaja at mwaka 2009, hiyo ndiyo PoE+ yako, porti inatoa 30, kamera inahakikishiwa 25.5. Zote mbili hizo umeme unapita kwenye jozi mbili kati ya nne za waya. Ikaja bt mwaka 2018, ikaanza kutumia jozi zote nne, porti inatoa 60 kamera inapata 51, na daraja lake la juu linatoa 90 kamera inapata 71.3. Sasa PTZ yako inataka mpaka 42 na wewe umeipa mlango wa 25.5. Mchana inakula 18 inapita kifua mbele. Usiku taa zinawaka, mota inazunguka, inagonga ukuta.

Hita Dar haiwaki, kwa hiyo 42 yote huifikii, mimi nakisia usiku unakula kama 34 hivi. Bado ni zaidi ya 30.

Kitwana_Nyaya (#9)
Binti kamaliza. Naongezea kidogo tu, mimi ni mzee wa simu za waya tangu enzi za mabokisi ya kuzungusha. Hizo namba za 25.5 si za kubuni. Porti ya at inatoa volti 50 kwa uchache, mkondo ampea 0.6. Waya wa mita 100 wa kiwango, jozi mbili zikifanya kazi kwa pamoja, ukinzani wake wanauhesabu omu 12.5. Chukua 0.6 mara 0.6 mara 12.5, unapata wati 4.5. Toa kwenye 30. Imebaki 25.5. Kwa hiyo ile namba ndani yake kuna ahadi kwamba waya wako ni wa shaba na haujazidi mita 100. Waya wako ukiwa wa mtumba ahadi inakufa.

Wewe kijana, waya umenunua gani?

Fundi_Mbagala (#10)
Shikamoo mzee. Waya ni Cat6, boksi la mita 305, nilichukua Kariakoo. Imeandikwa Cat6 kabisa kwenye ganda.

Kitwana_Nyaya (#11)
Marahaba. Kuandikwa kunaandikwa chochote mwanangu.

Chapuo_254 (#12)
Niko Mombasa hapa wasee, hii kitu imenimaliza mwaka juzi kwa hoteli fulani South Coast. Mimi nilichukua injekta ya bt ya wati 60, kile kiboksi cha kuingiza umeme kwa waya wa data, nikaweka kati ya swichi na kamera, ikatulia siku hiyo hiyo. Si lazima utupe swichi. Swichi inabaki kwa data na hizo bulleti, PTZ zinapata injekta zao. Lakini usichukue ile imeandikwa tu "60W" bila 802.3bt, kuna zingine zinasukuma umeme kwa waya bila kuuliza upande wa pili ni nani, siku ukichomeka laptop hapo utalia.

Na kitu ingine, usichomoe RJ45 (hiyo koneta ya waya) kama kamera inakula wati nyingi. Zima injekta kwanza. Ile cheche ndogo inakula dhahabu ya pini polepole, halafu ukiwa pwani na hii chumvi yetu, miezi sita koneta ina kijani.

Mie_Mchambawima (#13)
Kijani hiyo khaa! Huku Unguja mie nafungua boksi la kamera naona pini mbili zimeliwa zimebaki kama kibiriti. Sasa hivi kila koneta ya nje naipaka girisi ile ya silikoni na naifunga kwenye kile kikofia kilichokuja na kamera, mafundi wengi kikofia kile wanakitupa na boksi.

Msela_wa_Adapta (#14)
Jamani mnazungusha mambo. Weka adapta ya 12V, pitisha kwenye jozi za pembeni za waya huo huo, kazi imeisha. PoE ni biashara ya watu.

Mama_Faiba (#15)
@Msela_wa_Adapta wati 34 kwa volti 12 ni ampea karibu 2.8. Hata kwenye shaba nzuri ya mita 85, ukitumia jozi mbili, volti zote 12 zinaishia njiani na bado unadaiwa. Ndiyo maana PoE wakachagua volti 50 na kitu. Na PTZ nyingi za ukubwa huo hata tundu la 12V hazina, zina sehemu ya 24V AC, inataka transfoma yake iwekwe pale pale nguzoni. Hiyo nayo ni njia halali, ila umeme wa 230 utaupeleka nguzoni kwa waya wa ardhini wenye deraya, na fundi umeme mwenye leseni, si mimi na wewe.

Msela_wa_Adapta (#16)
Sawa dada, nilikuwa nachangia tu.

Fundi_Mbagala (#17)
Wakuu mrejesho. Nimechukua injekta mbili za bt za wati 60. Ya getini IMEPONA, nimeizungusha usiku kucha kama feni, haijazima hata mara moja. Nashukuru sana Chapuo.

Ya nyuma bado. Tena injekta yenyewe ikifika saa moja taa yake inabadilika rangi kisha kamera inazima. Nilikaa chini ya ile nguzo na mlinzi mpaka saa nne, mbu wamenila, nimechoka kabisa.

Kijiwe_Tech (#18)
Injekta mbovu hiyo, zibadilishe uone.

Fundi_Mbagala (#19)
Nimezibadilisha. Ya getini nikaipeleka nyuma, ya nyuma getini. Getini bado nzima, nyuma bado inakonyeza.

Kitwana_Nyaya (#20)
Hapo tumebaki na waya peke yake. Una multimita? Fanya hivi kesho asubuhi. Chomoa pande zote mbili, hakikisha hakuna umeme. Nguzoni kata koneta, chukua ile jozi ya bluu, bluu na nyeupe-bluu, zichune uzisokote pamoja. Rudi kwenye raki, kata koneta, pima omu kati ya bluu na nyeupe-bluu. Kabla ya hapo gusanisha ncha za multimita uone zenyewe zina kiasi gani, utoe. Mita 85 za shaba halisi ya unene wa kawaida inatakiwa ikupe kama omu 15. Ukiona 20 na kitu tuongee. Fanya jozi zote nne, si moja.

Mama_Faiba (#21)
Na huku ukiwa umeikata, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona ndani nyekundu mpaka katikati ni shaba. Ukiona nyeupe kama sufuria, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukitaka kuhakikisha zaidi choma kwa kiberiti cha gesi, ile alumini nyembamba inajikunja na kumegeka, shaba inakuwa nyeusi tu inabaki imesimama.

Fundi_Mbagala (#22)
Wakuu niko saiti nimekaa kwenye ndoo ya rangi naandika hapa.

Jozi ya bluu: siwezi kuipima. Jozi ya kahawia: siwezi kuipima. Nitawaeleza kwa nini.
Jozi ya chungwa: 34.2
Jozi ya kijani: 33.8

Nimekwangua. Nyeupe kama sufuria. Nimechoma, imejikunja kama unywele.

Kitwana_Nyaya (#23)
34! Hiyo si alumini tu mwanangu, ni alumini na tena nyembamba. Mara mbili na zaidi ya shaba. Halafu hizo jozi mbili huwezi kupima kwa nini?

Fundi_Mbagala (#24)
Mzee naona aibu kusema.

Waya uliniishia. Kule nyuma kuna bulleti pia karibu na ile nguzo, nikaona waya wa pili mita 85 ni hasara, nikapasua waya mmoja. Chungwa na kijani zinaenda PTZ, bluu na kahawia zinaenda bulleti. Huku kwenye raki nikakrimpu koneta mbili. Data inapita vizuri tu, mia kwa mia, sikuona tatizo.

Chapuo_254 (#25)
😂😂😂 Wallahi nimecheka hadi nimemwaga chai. Mwanangu hiyo tumefanya sote usione haya.

Mama_Faiba (#26)
Usione aibu kaka, hiyo mtindo imefungwa nchi nzima na kwa bulleti mbili za wati 5 wala haina neno. Ila hapo ndipo kamera yako ilipokuwa inazimia. Injekta ya bt inatoa 60 kwa kutumia jozi NNE. Wewe umeipa mbili. Kwa hiyo ulinunua barabara ya njia nne ukafunga mbili, na hizo mbili ni za vumbi.

Ngoja tupige hesabu na namba zako mwenyewe, maana umepima vizuri. Jozi moja kwenda na kurudi omu 34. Jozi mbili zikisaidiana ukinzani unakuwa nusu, 17. Injekta inatoa volti 55. Mchana kamera inakula wati 18: mkondo unakuwa kama ampea 0.37, njiani zinapotea volti 6 na kitu, kamera inapata karibu 49. Raha mustarehe. Usiku inataka 34: kamera ikiona volti zimeshuka haipunguzi kula, inavuta mkondo zaidi ili ifikishe wati zake, mkondo zaidi unashusha volti zaidi, inavuta tena. Ikitulia ni ampea 0.83 hivi, kamera inapata volti kama 41, na wati karibu 12 zinachemsha waya tu. Ampea 0.83 kwenye jozi mbili injekta haikubali, ile ya at kiwango chake kilikuwa 0.6. Ndiyo ile taa inabadilika rangi.

Na hata isingekata, kwa waya huo na volti hizo, ukibana vipi hutavuka wati 44 upande wa pili, na hapo volti zimeshabaki nusu. Hakuna swichi ya bei yoyote ingekusaidia.

Kijiwe_Tech (#27)
Aisee hii sehemu ya kamera "haipunguzi kula" imenifungua macho. Nilikuwa najua volti zikishuka inafifia kama balbu.

Kitwana_Nyaya (#28)
Balbu inafifia. Hivi vya kisasa ndani vina kigeuzi, kinataka wati zake zile zile kwa gharama yoyote, mpaka kizimie. Kikishazimia taa zinazima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, kinaamka na njaa ile ile. Ndiyo kukonyeza kwenyewe huko.

Injinia_Mstaafu_Sio (#29)
Kuna watu mna swichi za kusimamiwa kwa programu, huna haja ya kukaa na mbu. Kwenye Cisco andika `show power inline` inakupa kila porti imetengewa wati ngapi, daraja la kifaa na mwisho wa porti, na `show power inline police` inakupa wati zinazoliwa kweli. Angalia mchana, angalia tena saa mbili usiku. Kama porti imesimama pale pale kwenye 30 na kamera inazima ujue ni mlango. Kama haijafika 30 na bado kamera inazima nenda kwenye waya. Na kamera nyingine na swichi zinaongea kwa LLDP kuombana wati, ukiwa umeizima LLDP kwenye porti unaweza kuikuta kamera inapewa kidogo wakati swichi inazo.

Shamba_Sola (#30)
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi nataka kufunga PTZ moja kama hiyo shambani Mkuranga, umeme wa sola. Betri moja ya 100 itakesha?

Mama_Faiba (#31)
Betri ya 12V ya ampea-saa 100 ni wati-saa 1200 kwenye makaratasi. Ya asidi usiitoe zaidi ya nusu ukitaka ikae, umebaki na 600. PTZ wati 34 usiku, kifaa cha kupandisha volti hadi 50 na kitu nacho kinakula chake, sema 40. Masaa 15, usiku unapita, ila hujaweka NVR (mashine ya kurekodi kamera) wala ruta, na hujaweka siku mbili za mawingu. Tumia kamera isiyokuwa na taa kali, au weka taa ziwake ikiona mtu tu. Fungua uzi wako tuongee huko, hapa tumtibu fundi.

Shamba_Sola (#32)
Asante dada, nafungua.

Fundi_Mbagala (#33)
Sasa wakuu, nifanye nini. Nimwage waya mpya mita 85 au niweke swichi ndogo pale nguzoni? Kuna mtu dukani kaniambia kuna swichi ina kitufe cha mita 250, unabonyeza tu.

Chapuo_254 (#34)
Hiyo kitufe ni ya data bro. Inashusha porti hadi mega 10 ndio data ifike mbali. Umeme haujui habari ya kitufe, mita 250 ya ile waya yako hata bulleti italala njaa. Na PTZ kubwa kwa mega 10 picha itakuwa inakata kata.

Mie_Mchambawima (#35)
Mie ningepeleka faiba. Nguzo ya chuma, uwanja wazi, radi ikipiga inashuka na waya wa shaba mpaka kwenye raki, inakula swichi, NVR na TV ya ofisini. Yalinikuta Pemba, msimu wa masika, ilibaki panya ya kompyuta tu.

Mama_Faiba (#36)
Mchambawima ana hoja, faiba haipitishi radi. Ila faiba haipitishi umeme wa kamera pia, kwa hiyo tunarudi kule kule kwa 230 nguzoni. Mteja akikubali kulipia hiyo ndiyo kazi safi kabisa. Asipokubali: mita 85 ziko ndani ya 100, piga waya mmoja wa shaba halisi Cat6 wa nje, jozi zote nne kwa PTZ peke yake, usiupasue hata wakikushika panga. Bulleti ipe waya wake. Nguzo iwe na ethi rodi yake (fimbo ya kuzamisha ardhini), kizuia radi cha PoE kiwe pande zote mbili, kile kinachoandikwa kuwa kinakubali bt, maana vya zamani vingine vinapitisha jozi mbili tu na utarudi hapa kulia.

Na usizirundike nyaya za wati nyingi kwenye bomba moja zimebanana juani. Zinapata joto, zikipata joto ukinzani unapanda.

Baharia_wa_Bajeti (#37)
Na dukani usiulize "hii ni orijino?" kila mtu atakwambia orijino. Nenda na wembe. Mwenye duka akikataa usikwangue ujue umeshajibiwa. Halafu nyanyua boksi, shaba ina uzito, ile nyingine unaibeba kwa kidole.

Fundi_Mbagala (#38)
Sawa wakuu. Mteja nimemwambia ukweli, kanuna kidogo, nimegharamia waya mimi, kizuia radi na ethi rodi kalipa yeye. Jumamosi navuta.

Fundi_Mbagala (#39)
MREJESHO. Tumevuta Jumamosi na Jumapili asubuhi. Nilienda na wembe dukani kama Baharia alivyosema, maduka mawili walinifukuza, la tatu mzee wa duka mwenyewe akaniletea mkasi.

Nimepima kabla ya kukrimpu, jozi zote nne: 11.8, 11.9, 11.7, 11.8. Nimeazima kwa rafiki testa ya PoE ile ya kuchomeka katikati, nikaiweka juu nguzoni kwenye boksi. Saa sita mchana inasoma volti 54 wati 17. Saa mbili usiku taa zote zinawaka na nikaamuru izunguke bila kusimama: volti 53, wati 33. Haijazima. Leo siku ya nne.

Mzee Kitwana zile omu 15 ulizosema, hii imekuja chini zaidi, ni kawaida?

Kitwana_Nyaya (#40)
Ni kawaida, huo waya mpya ni mnene kidogo kuliko niliokuwa nauwazia mimi. Cat6 nyingi za shaba ndivyo zilivyo. Gawa 11.8 kwa nne maana sasa jozi zote nne zinabeba, una omu kama 3 tu njia nzima. Kutoka 17. Hongera kijana.

Mama_Faiba (#41)
Hongera kaka. Ile kamera ya kwanza uliyoirudisha dukani ilikuwa nzima kabisa, unajua.

Fundi_Mbagala (#42)
Najua dada, usinikumbushe. Na zile bulleti mbili za ofisini nimezipasulia waya mmoja bado, wati 8 kila moja, mita 20. Hizo naziacha.

Mama_Faiba (#43)
Ziache.

Chapuo_254 (#44)
Hiyo waya ya zamani unaitupa? Nina banda la kuku nataka kufunga.

Fundi_Mbagala (#45)
Njoo ubebe mkuu, ni nyepesi utaibeba kwa kidole.

Anayelalamika sasa ni mlinzi tu. Anasema zamani kamera ikikonyeza alikuwa anaiba usingizi dakika mbili mbili, sasa hivi ile taa nyekundu inamwangalia mpaka asubuhi.